Barua ya wazi: Kabla ya setilaiti ya wanafunzi, kituo cha ardhini kijengwe Mbeya

Kwa: Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano, Wakurugenzi Wakuu wa TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), Makamu Wakuu wa vyuo vikuu vya Mbeya na Iringa

YAH: MPANGILIO WA KAZI YA SETILAITI NDOGO ZA WANAFUNZI, NYANDA ZA JUU KUSINI

Waheshimiwa,

Tunaomba fedha ya kwanza ya setilaiti ya wanafunzi isinunue setilaiti. Ijenge kituo cha ardhini, cha kuongea na setilaiti kwa redio, na karakana ya majaribio hapa Mbeya, na kituo kidogo cha pili Iringa, kisha viwili hivyo vifanye kazi mwaka mzima kabla ya bodi ya kwanza ya elektroniki ya kurushwa kuagizwa. Sababu zetu ni za kiufundi na tunazieleza kwa vipimo vyake, kwa kuwa chombo kitaongea au kitanyamaza huko juu kulingana na namna mtakavyogawa bajeti huku chini.

Swali la kama vyuo vya Afrika vinaweza kazi hii limeshajibiwa. Wanafunzi wa Stellenbosch, Afrika Kusini, walipata setilaiti yao SUNSAT angani Februari 1999. Mwaka huohuo Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, mmoja wa chuo cha Cal Poly na mwingine wa Stanford, Marekani, walianza kuandaa kipimo cha sanduku la sentimita 10 kila upande, na kipimo hicho ndicho kilichofungulia vyuo mlango. Ghana na Nigeria zilifuata Julai 2017, setilaiti zao zikiachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifuata Mei 2018, Rwanda 2019, Uganda na Zimbabwe Desemba 2022. Karibu zote zilishikwa mkono na maabara ya nje, hasa Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, Japani, iliyokwisha kuwa na meza ya mtikisiko, chumba cha ombwe (kisicho na hewa) na watu waliofanya kazi hiyo mara kadhaa.

Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana kwenye sherehe. Michael Swartwout wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, Marekani, amekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za setilaiti hizi moja moja, na picha inayojitokeza ni kwamba vyuo vinavyojaribu kwa mara ya kwanza hushindwa kwa kiwango cha karibu nusu. Nyingi kati ya hizo hazikusikika hata siku moja. Kwa kawaida chanzo hakiwi mionzi wala vimondo. Chombo kilikamilika wiki chache kabla ya kusafirishwa, kikarushwa bila kuwahi kuwashwa kikiwa kizima, kwa siku nyingi mfululizo, kikiongea na kituo chake kwa redio yake mwenyewe.

Kwa hiyo tuanze na kituo.

Setilaiti iliyo kilomita 400 juu huzunguka dunia kwa dakika 92 hivi. Ikiwa kwenye njia ileile ya Kituo cha Kimataifa, mtu aliye Mbeya, nyuzi 9 kusini mwa ikweta, huipata juu ya upeo wa macho mara nne au tano kwa siku, na ni mara mbili au tatu tu inapopanda zaidi ya nyuzi 10. Ukijumlisha muda unaofaa kwa mazungumzo unapata dakika 10 hadi 15 kwa siku nzima. Dakika hizo zikipotea kwa sababu umeme umekatika au mwanafunzi hajui kugeuza antena, hazirudi hadi kesho.

Eneo la kituo si jambo la kuachia fundi ujenzi achague paa. Safu ya Loleza na Kilele cha Mbeya inafunika upeo wa kaskazini wa mji, na mpito wa setilaiti unaoanzia upande huo utachelewa kusikika. Tunashauri mtu apande kwenye kila eneo linalopendekezwa akiwa na dira na kipima pembe, achore kimo cha milima kwa kila nyuzi 10 za mzunguko, kisha mchoro huo uingizwe kwenye programu ya kutabiri mipito. Ni kazi ya asubuhi moja. Iringa mjini, kwenye ukingo wa bonde la Ruaha Mdogo, ina anga wazi zaidi kwa pande kadhaa. Ila ieleweke kwamba Mbeya na Iringa ziko karibu mno kuongezeana muda: setilaiti ikionekana huku, kule nako inaonekana. Faida ya kituo cha pili ni kwamba radi au mgao wa umeme haukati vyote kwa pamoja.

Vifaa vyenyewe vinajulikana: antena mbili za Yagi zilizopishana kwa msalaba, moja ya megahezi 145 na nyingine ya 435, mota mbili za kuzigeuza, moja kwa mzunguko na moja kwa kimo, kikuza mawimbi, redio, kompyuta. Penye kuharibika ni kwenye vitu vidogo. Kebo nyembamba ya RG-58 yenye urefu wa mita 20 hula zaidi ya robo tatu ya mawimbi ya megahezi 435 kabla hayajafika kwenye redio, kwa hiyo kikuza mawimbi kikae juu ya mlingoti karibu na antena, na kebo iwe nene, aina ya LMR-400, ambayo kwa urefu huohuo hupoteza kama theluthi tu. Viunganishi vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji, maana mvua zetu za Novemba hadi Aprili zikiingia kwenye kebo moja tu hamtaona chochote kwa macho. Mtaona namba za mawimbi zikishuka wiki baada ya wiki. Nondo za athi zichimbiwe kabla mlingoti haujasimama, na vizuia radi viwekwe kwenye kila kebo inayoingia ndani. Betri ya volti 12 ya ampea-saa 100, na paneli yake ya jua, inatosha kukipitisha kituo cha namna hii kwenye katizo la usiku.

Kituo cha kupokea tu, chenye antena isiyogeuka, kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi na kipokezi cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye USB, hakifiki dola 1,000. Kinaweza kujiunga na SatNOGS, mtandao wa wazi wa vituo vya kujitolea ulioanzia Ugiriki. Mtandao huo utatusaidia sana, kwani setilaiti yetu itakapopita Brazili au Indonesia, kituo cha mtu wa huko kitainasa taarifa yake na kuiweka wazi tuisome. Kusikia tutasaidiwa na dunia nzima. Kuiamuru ni sisi peke yetu, kwa zile dakika 10 hadi 15.

Mwaka wa kwanza wanafunzi wasikilize vyombo vilivyokwisha kuwa angani. Kituo cha Kimataifa kina redio ya ridhaa (ya wapenda redio, isiyo ya biashara) inayorudisha vifurushi vya data kwenye megahezi 145.825, kwa biti 1,200 kwa sekunde. Hapo mwanafunzi hujifunza kwa mikono yake athari ya Doppler: kwenye megahezi 437, mwendo wa kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde husogeza masafa kama kilohezi 10 juu setilaiti inapokuja, kisha 10 chini inapoondoka, na redio isiyofuatilia badiliko hilo husikia kelele tupu. Atajifunza pia kwamba setilaiti ikiwa nyuzi 10 juu ya upeo huwa kilomita 1,440 kutoka kwake, si 400, na mawimbi yanayomfikia hapo ni hafifu mara 13 kuliko ikiwa utosini. Mambo haya yakijulikana mapema, redio ya setilaiti itabuniwa na watu wanaojua itakachokutana nacho.

Sasa dhamira ya setilaiti, yaani inakwenda kufanya nini. Hapa tunaomba ujasiri wenu, kwa sababu shinikizo la kuweka kamera litakuwa kubwa. Picha ya Tanzania kutoka kwenye chombo chetu wenyewe ingependeza ukutani. Lakini sanduku la sentimita 10 lenye kamera ndogo na lenzi ya milimita 3.6 huona kwa nukta ya picha yenye upana wa mita 150 hivi ardhini. Shamba zima la mahindi la Mbozi linaingia ndani ya nukta moja. Lenzi ya milimita 25 huleta nukta ya mita 22, na hapo chombo lazima kijue kimeelekea wapi na kitulie, kazi inayohitaji vipima-mwelekeo, koili za sumaku na programu iliyoshinda timu nyingi za mara ya kwanza. Wakati huohuo picha za Sentinel-2 za Ulaya, zenye nukta ya mita 10, zinapatikana bure kila baada ya siku chache. Kamera ndogo iwemo kama zoezi kama kuna nafasi, ila isiwe ndiyo kipimo cha kufaulu.

Kazi inayofaa chombo kidogo na inayofaa huku kwetu ni kupokea, kuhifadhi na kushusha vipimo vya ardhini. Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi tangu 1993, na maji yake ndiyo yanayoingia kwenye mabwawa ya umeme ya Mtera, kisha Kidatu. Kipimo cha kina cha maji pale N'giriama, yanapotoka kwenye ardhi oevu ya Ihefu, na vingine kwenye mito midogo ya Usangu, vinaweza kuwekwa mahali ambapo mtandao wa simu haushiki. Vivyo hivyo vipima joto na unyevu kwenye misitu ya Sao Hill, Mufindi, au vipima mvua kwenye miteremko ya Livingstone juu ya Ziwa Nyasa. Hesabu yake ni nyepesi: vituo 100, kila kimoja kikituma taarifa nne kwa siku zenye baiti 30, ni baiti 12,000. Kwa redio ya polepole kabisa, ya biti 1,200 kwa sekunde, zinashushwa kwa sekunde 80. Picha moja ya kawaida yenye kilobaiti 100 ingekula zaidi ya dakika 11 kwa redio hiyohiyo, yaani karibu siku nzima ya mawasiliano.

Tusiahidi zaidi ya hapo. Setilaiti moja inayopita mara mbili au tatu kwa siku haiwezi kutoa tahadhari ya moto wala ya mafuriko. Kina cha mto kinachobadilika kwa siku na majuma, hicho inakiweza.

Umeme ndio unaobana kila kitu ndani ya sanduku. Seli mbili za jua za aina inayotumika angani, zenye sentimita 30 za mraba kila moja, hutoa kama wati 2.4 zikitazama jua moja kwa moja. Chombo kinachobingirika hakitazami jua moja kwa moja. Chukueni wastani wa wati 1.8 kwenye dakika 57 za mwanga, kisha sifuri kwa dakika 35 za kivuli cha dunia. Hiyo ni wati-saa 1.7 kwa mzunguko, na baada ya hasara za chaja na vibadilishi hubaki 1.4 hivi. Upande wa matumizi, kompyuta, kipokezi na bodi ya umeme vikila wati 0.7 kwa pamoja bila kuzimwa, ni wati-saa 1.07. Transmita inayotoa wati moja hewani hula kama wati 4 kwenye betri. Dakika tano za kutuma ni wati-saa 0.33. Jumla 1.4. Akiba imekwisha kabla ya kamera na kabla ya hita ya betri. Sanduku zima linaishi kwa umeme pungufu ya ule wa chaja ndogo ya simu.

Ndiyo maana jedwali la umeme linapaswa kuwa hati ya kwanza ya mradi, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kukataa kifaa chochote kinacholivunja. Hita nayo si anasa. Betri za lithiamu zikichajiwa chini ya nyuzi 0 za joto hujengeka metali ya lithiamu ndani na huharibika bila kurudi. Zinunuliwe seli 12 za aina ya 18650, zichajiwe na kutumiwa mara kadhaa, zipimwe uwezo na ukinzani wa ndani, kisha zichaguliwe mbili zinazofanana zaidi. Seli nyingine mbili ziende kwenye chombo cha mazoezi, na zilizobaki zihifadhiwe na vipimo vyake vimeandikwa.

Antena ndiyo sehemu inayoonekana rahisi kuliko zote, na imezika vyombo vingi. Robo ya wimbi la megahezi 437 ni sentimita 17, na ya megahezi 145 ni sentimita 52. Sanduku lina sentimita 10. Kwa hiyo utepe wa chuma, ule hasa wa futi ya fundi, huviringishwa, hufungwa kwa mshipi wa kuvulia, na angani mshipi huo hukatwa kwa waya wa nikromu unaopata moto. Mezani hufanya kazi kila mara. Angani mambo ni mengine: hakuna hewa ya kuondoa joto, kwa hiyo waya uliopimwa mezani unaweza kuwa wa moto kupita kiasi ukakatika wenyewe kabla ya mshipi, au betri ni baridi, volti imeshuka, na waya haufikii joto la kuyeyusha. Nailoni iliyofungwa miezi mingi hulegea. Dyneema ni imara, lakini fundo lake huteleza lisipopakwa epoksi. Ziwekwe waya mbili za kuunguza, kila moja na saketi yake, na zoezi lirudiwe angalau mara 20 kwenye ombwe na kwenye baridi, kwa betri iliyojaa na kwa betri iliyokaribia kwisha.

Kosa la programu linaloambatana na hilo ni la kawaida mno: chombo hujaribu mara moja, huandika kwenye kumbukumbu yake "antena imefunguliwa", na hakijaribu tena hata antena ikiwa imekwama. Programu iendelee kujaribu kila baada ya saa chache hadi ipokee amri kutoka ardhini ya kuacha. Amri ikifika, hapo tuna hakika kwamba kipokezi kinasikia. Na jaribio la kwanza lisubiri angalau dakika 30 baada ya chombo kuachiwa. Hayo ni masharti ya usalama ya wanaorusha, pamoja na swichi za kuzuia chombo kuwaka kikiwa bado ndani ya kasha la kukiachilia.

Fremu haitusumbui sana. Alumini ya 6061 au 7075, reli nne zenye upana wa milimita 8.5 na zaidi, usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita, na reli zipakwe anodi ngumu ili zisigande na kasha la kuachilia. Karakana yenye mashine nzuri ya kuchonga na mtu makini wa kipimo inaweza.

Majaribio mengi ya mwanzo yanaweza kufanyika hapahapa bila kusubiri mkopo wowote. Friji ya kugandisha ya nyuzi 18 chini ya sifuri na jiko la umeme la nyuzi 60 zinatosha kuzungusha bodi kati ya baridi na joto mara 10. Lehemu mbovu hupasuka hapo. Pampu ya ombwe ya mafundi friji, sufuria nene ya chuma na kifuniko kinene cha akriliki hutoa ombwe linalotosha kuondoa upoaji wa hewa, na ndilo tunalohitaji kwa waya za antena na kwa transmita inayopata moto. Mafuta ya pampu yasirudi kwenye sufuria. Vali ifungwe kabla ya pampu kuzimwa. Kwa jaribio la redio, chombo kipelekwe juu ya Loleza, kituo kibaki mjini. Kama umbali ni kilomita 10, kizuizi cha desibeli 43, yaani kifaa cha kudhoofisha mawimbi, kati ya redio na antena huufanya ulingane na zile kilomita 1,440. Redio ifungwe ndani ya sanduku la chuma, la sivyo mawimbi yatavuja pembeni ya kizuizi na kuwadanganya wanaopima.

Vipo visivyowezekana hapa kwa sasa: meza ya mtikisiko na chumba kikubwa cha ombwe chenye joto na baridi. Kituo cha Houwteq nchini Afrika Kusini kinavyo, na Kyushu pia. Gharama ya safari hiyo iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, pamoja na safari ya pili. Chombo kikienda mara moja na skrubu ikalegea, lazima kirudi. Bajeti yenye safari moja hulazimisha watu kufumba macho.

Baadhi ya kanuni za karakana ziandikwe ukutani. Lehemu iwe ya bati 63 na risasi 37, kwa kuwa bati tupu huotesha nywele ndogo za metali zinazounganisha njia za umeme. Plastiki ya PVC isiingie kabisa, wala skrubu zilizopakwa zinki au kadimiamu. Kwenye ombwe hutoa mvuke unaoganda kwenye lenzi na kwenye seli za jua. Vipuri vya Kariakoo ni vizuri kwa mazoezi ya mezani, ila vya kurushwa vitoke kwa msambazaji anayeweza kuonyesha vilikotengenezwa. Kuanzia Juni hadi Septemba hewa ya Mbeya ni baridi na kavu, na umeme tuli hujikusanya mwilini bila mtu kuhisi. Mkanda wa mkononi wenye ukinzani wa megaomu moja uvaliwe kila siku, na mkeka wa mezani uunganishwe na athi. Chipu iliyouawa na umeme tuli si lazima ife papo hapo. Huweza kufa miezi sita baadaye, ikiwa juu.

Kuhusu vibali, tunamsemesha zaidi Mkurugenzi Mkuu wa TCRA. Masafa ya redio ya ridhaa, megahezi 145.8 hadi 146 na 435 hadi 438, yanaratibiwa na umoja wa kimataifa wa redio ya ridhaa, IARU, kisha serikali huyapeleka ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. Masafa hayo ni ya kujifunza na ya wazi, bila usiri wala biashara. Vipimo vya maji vya taasisi ya umma havitakiwi kupita humo. Vinahitaji masafa mengine, kama 401 hadi 403, yaliyotengwa kwa ajili ya vituo vya ardhini kupandisha data za mazingira na hali ya hewa, na ombi lake hutoka kwa serikali yenyewe. Timu isiyojua tofauti hii hubuni redio nzima kwenye masafa ambayo itanyimwa. Maombi yaanze miezi 18 hadi 24 kabla ya kurushwa. Wanafunzi nao wapewe nafasi ya kufanya mtihani wa leseni ya redio ya ridhaa hapa Mbeya, wakiwa na alama zao za wito zinazoanza na 5H, badala ya kila mmoja kusafiri Dar es Salaam.

Mkataba wa anga za juu wa 1967 unaibebesha serikali iliyouridhia wajibu kwa chombo cha raia wake, kikiwemo cha chuo. Mtu mmoja ndani ya serikali ajulikane kuwa ndiye mwenye faili: masafa, usajili wa chombo, barua ya forodha. Betri za lithiamu husafirishwa kwa ndege zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30 na nyaraka za kipimo cha usalama wa betri cha UN 38.3, na bodi zenye redio huhitaji kibali kabla ya kuingia nchini. Mzigo ukifika na barua imetangulia, hutoka kwa siku chache. Barua isipotangulia, muhula mzima wa masomo hupita.

Kwa Makamu Wakuu tunasema hivi. Mradi wa mwaka wa mwisho una miezi isiyofika tisa, na setilaiti inahitaji miaka mitatu. Ikiwa kazi imegawanywa kwa wanaohitimu tu, kila mwaka ujuzi unaondoka na mahafali. Wanafunzi wa mwaka wa pili waingie kama wasikilizaji wa kituo, wa tatu wajenge, wa nne wapime na kuandika. Wa stashahada wawemo tangu mwanzo. Mkono uliozoea lehemu ni adimu kuliko hesabu za njia ya setilaiti. Na iwepo ajira ya kudumu ya fundi wa maabara mmoja na mwendeshaji wa kituo mmoja, wasiohama na mwaka wa masomo. Kama kuna sehemu ya barua hii itakayopuuzwa kirahisi ni hiyo, kwa kuwa mshahara wa fundi haupigwi picha. Sisi tunaiweka juu ya ununuzi wa kifaa chochote.

Vijengwe vyombo vitatu: kimoja kilichotandazwa mezani bodi zikiwa wazi, kimoja cha mazoezi kilichofungwa kamili, na cha kurushwa. Vipuri viagizwe seti nne. Chombo cha mezani kiwashwe siku 14 mfululizo, kikipokea amri kutoka kituo halisi kwa ratiba ya mipito halisi, na kizimwe na kuwashwa ghafla mara 100 kuona kama kinarudi chenyewe. Kikishindwa kurudi hata mara moja tu, cha kurushwa hakisafirishwi. Tunaomba Wizara na COSTECH waweke sharti hilo kwenye mkataba wa ruzuku, kwa maandishi, ili mkuu wa mradi awe na cha kushika atakapoambiwa tarehe ya kurushwa imekaribia.

Kuhusu kurushwa kwenyewe, Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu na shirika la anga la Japani, JAXA, wana mpango wa KiboCUBE unaoachilia bure setilaiti za nchi zinazoendelea kutoka Kituo cha Kimataifa. Nairobi walipita humo. Nafasi ya kulipia hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Ombi la KiboCUBE lenye kumbukumbu za mwaka mzima za kituo kinachofanya kazi, na jedwali la umeme lililopimwa, lina uzito tofauti kabisa na ombi lenye michoro. Na chombo kinachoachiwa kwenye kimo hicho huanguka na kuungua ndani ya mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo cha pili kiwe mezani wakati cha kwanza kinaruka.

Foleni ndefu kuliko zote ni ya masafa. Kwa sababu hiyo tunaomba barua ya kumteua mratibu wa serikali itoke kwanza, hata kabla ya fedha, na nakala yake ipelekwe ITU kupitia TCRA ikiwa na jina la chuo kitakachoendesha kituo.

Wenu katika kazi,

Walimu, mafundi na wahandisi wa elektroniki na redio
Mbeya na Iringa